Mnara, Mlima na Moshi: Hofu ya Mionzi Homa Bay na Migori

Kabla mnara wa kwanza wa simu haujasimikwa Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo, mawimbi ya redio yalikuwa yamekwisha kuwapitia watu wa huko kwa takriban miaka sabini. Mwaka 1928 kampuni ya utangazaji ya Waingereza ilianza kurusha matangazo kutoka Nairobi, ikiwalenga walowezi. Matangazo hayo hayakumjali mkazi wa Karachuonyo wala wa Kadem, lakini mawimbi yenyewe yalisafiri bila kuchagua. Yalipenya paa la nyasi na ukuta wa udongo, yakampitia aliyelala ndani, naye asijue lolote.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, serikali ya kikoloni iliona haja ya kusema na Waafrika. Vijana wengi wa Nyanza walikuwa wameingia jeshini, wengine wakapelekwa Abisinia na wengine Burma, na huku nyumbani wazazi walitaka habari zao. Ndipo yakaanza matangazo ya lugha za Kiafrika, Kijaluo kikiwemo. Katika miaka ya 1950 Kisumu ikapata kituo chake, na baada ya uhuru Sauti ya Kenya ikazoeleka katika maboma ya ufuoni na katika maduka ya Rongo na Oyugis. Tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipouawa Nairobi, redio ndiyo iliyozieneza habari hizo nchi nzima, na siku chache baadaye umati ukamsindikiza hadi kaburini kwake, kisiwani Rusinga. Muda wote huo redio ilihesabiwa kuwa neema. Aliyekuwa na lalamiko alilalamikia bei ya betri.

Hofu ilikuja baadaye, pamoja na mnara. Ni vyema kufuatilia ilivyokuja, kwa sababu katika historia hiyo mna jibu la swali linaloulizwa hadi leo kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay: je, mawimbi haya yanatudhuru?

Mnara unaingia kijijini

Simu ya mkononi ilianza Kenya mwaka 1993, ikiwa bidhaa ya matajiri wa Nairobi: kifaa kimoja kiligharimu kama shilingi 250,000. Mambo yalibadilika baada ya Tume ya Mawasiliano kuundwa mwaka 1999. Mwaka uliofuata kampuni za Safaricom na KenCell zikaanza kushindania wateja. Kwanza minara ilifuata miji na barabara kuu, kisha ikaingia Awendo, Ndhiwa, Mbita na Isebania. Machi 2007 ilipokuja M-Pesa, simu ikawa mfuko wa fedha, na kijiji kisicho na mtandao kikajiona kimesahauliwa. Mvuvi aliyerudi na samaki alfajiri sasa aliweza kuuliza bei ya ufuo wa pili kabla hajaamua atie nanga wapi. Mjane aliyekuwa akingoja wiki mbili kwa barua ya mwanawe sasa alipata fedha kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo mnara wenyewe ulikuja kimyakimya. Fundi alipima kiwanja, mwenye shamba akatia sahihi mkataba wa kodi, na baada ya wiki chache nguzo ya chuma ikawa imesimama juu ya kijiji kizima. Ukiukaribia utaona ua wa waya, lango lenye kufuli, kabati za mitambo na, mahali pasipo na umeme wa kutegemewa, jenereta ya dizeli inayonguruma usiku kucha. Kule juu kuna paneli ndefu nyembamba zilizosimama wima, zikielekea pande tatu. Hizo ndizo zinazozungumza na simu za watu. Pembeni yake kuna madishi ya duara, nayo huzungumza na mnara mwingine ulio mbali, kwa mshipa mwembamba wa mikrowevu unaopita juu ya vichwa vya watu wote. Langoni kuna kibao cha onyo. Hakuna anayeketi na wanakijiji kuwaeleza kibao hicho kinamwonya nani.

Hapo ndipo maswali yalipozaliwa. Je, busta hii, yaani mnara, italeta saratani? Mjamzito akae wapi? Mbona kichwa kinauma tangu iwashwe? Mbona jirani mmoja analipwa kodi na sisi sote tunapigwa na mawimbi? Haya hayakuwa maswali ya ujinga. Mtu akijengewa kitu kikubwa karibu na anapolala watoto wake, ana haki ya kuuliza ni kitu gani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, iliyounda mamlaka ya mazingira, NEMA, inamtambua jirani wa mradi kuwa mtu wa kusikilizwa. Mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa kujibu, na swali lisilojibiwa hujazwa na uvumi.

Koo mbili za mionzi

Tuanze na chenyewe kilivyo. Mwaka 1865 Mskoti James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Miaka ya 1887 na 1888 Heinrich Hertz, huko Ujerumani, akazalisha mawimbi ya aina hiyohiyo yasiyoonekana kwa macho. Tangu hapo tunajua kwamba redio, mikrowevu, joto la jiko, mwanga wa jua, eksirei na mionzi ya gama ni familia moja kubwa. Zinapishana kwa kasi ya mtetemo, na kasi ya mtetemo ndiyo inayoamua uwezo wa kudhuru.

Eksirei na gama zina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Zikifika kwenye seli zinaweza kukata uzi wa vinasaba, na huo ni mwanzo wa saratani unaojulikana vyema. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Chembe moja ya wimbi la megahezi 900, masafa yaliyotumika sana na simu za kwanza nchini, ina nishati iliyo pungufu mara zaidi ya milioni moja kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni. Kuongeza wingi wa chembe hizo hakubadili uwezo wa kila moja. Kinachoongezeka ni joto.

Joto ndilo madhara ya mawimbi ya redio ambayo sayansi imeyathibitisha, na historia yake ni ya vita. Mwaka 1940 John Randall na Harry Boot, wa Chuo Kikuu cha Birmingham, waliunda magnetroni yenye nguvu kubwa kwa ajili ya rada. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua kuwa peremende iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka aliposimama karibu na mtambo huo. Miaka miwili baadaye tanuri la kwanza la mikrowevu lilikuwa sokoni. Mtambo uliokuwa ukitafuta ndege za adui ukawa wa kupasha chakula.

Rada hiyo ilizua pia maswali ya kwanza ya afya. Mabaharia walifanya kazi miaka mingi karibu na mitambo mikali, na madaktari wakaanza kuuliza juu ya macho na korodani, viungo ambavyo damu yake haipoozi joto kwa urahisi. Wanamaji wa Marekani wapatao 40,000 waliotumikia wakati wa vita vya Korea walifuatiliwa kwa miaka 40. Waliokuwa karibu zaidi na rada hawakuonekana kufa zaidi kwa saratani ya ubongo kuliko wenzao.

Katika tafiti za wanyama, dalili za kulemewa na joto zilianza kuonekana mwili ulipopokea takriban wati 4 kwa kila kilo ya uzito. Tume ya kimataifa inayotunga viwango, ICNIRP, ikakigawa kiasi hicho kwa 50 ili kupata mpaka wa raia wa kawaida: wati 0.08 kwa kilo, mwili mzima. Kichwa kinachogusana na simu kiliwekewa mpaka wake, wati 2 kwa kilo. Viwango hivyo vilitolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2020.

Tanuri la mikrowevu nalo, ambalo sasa liko katika hoteli na nyumba nyingi za mijini Migori na Homa Bay, limewekewa mpaka. Kinachovuja hakitakiwi kuzidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye tanuri, na hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali. Chakula kilichopashwa humo hakibaki na mionzi, kama vile chungu hakibaki na moto ukikiepua. La kuangalia ni mlango. Ukiwa umepinda au haufungi sawasawa, tanuri hilo lisitumike hadi fundi alitazame.

Swali la saratani

Joto likishadhibitiwa, lilibaki swali gumu zaidi: huenda wimbi dogo, lisilopasha mwili, likaleta saratani baada ya miaka mingi? Shirika la Afya Duniani lilianzisha mradi maalumu wa kulichunguza mwaka 1996. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa Interphone, uliofanywa katika nchi 13. Kwa ujumla watumiaji wa simu hawakuonekana kuwa na uvimbe wa ubongo zaidi ya wasiotumia. Lakini katika kundi la waliosema wamezungumza kwa simu zaidi ya saa 1,640 maishani, ilionekana ongezeko la asilimia 40 la uvimbe uitwao glioma. Watafiti wenyewe walionya kwamba baadhi ya wagonjwa walitaja muda usioaminika, hata zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwamba mgonjwa anayetafuta chanzo cha ugonjwa wake hukumbuka tofauti na mtu mzima wa afya.

Mei 2011 wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, Ufaransa, katika shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Waliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mchache. Habari hizo zilipofika kwetu zilisikika kwa namna moja tu: Shirika la Afya limesema simu inaleta saratani. Halikusema hivyo. Kundi hilo hueleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Kwa kulinganisha, moshi wa kuni ndani ya nyumba IARC hiyohiyo imeuweka kundi la 2A, ambalo ni zito zaidi, na miale ya jua iko kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa.

Uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 2018 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa matokeo ya panya waliowekwa kwenye mawimbi makali kwa saa 9 kila siku, kwa miaka miwili. Panya madume walipata uvimbe wa moyo zaidi ya kawaida. Ni matokeo yanayostahili kuheshimiwa. Lakini mwili mzima wa panya hao ulipokea hadi wati 6 kwa kilo, zaidi ya mara 70 ya mpaka wa binadamu, na panya madume waliopigwa na mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa.

Septemba 2024 yalitoka mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakiongozwa na wataalamu wa Australia. Yalikusanya tafiti 63 kutoka nchi 22. Hayakupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi, na hayakupata uhusiano wa minara na saratani za watoto. Uchumi mzima wa dunia umehamia kwenye simu tangu miaka ya 1990. Kama simu ingekuwa chanzo kikubwa cha uvimbe wa ubongo, rejista za saratani za nchi zenye kumbukumbu za muda mrefu, kama zile za Skandinavia, zingekuwa zimeonyesha mlima. Hazijaonyesha.

Uvumi, hata hivyo, hausomi mapitio. Mwaka 2020, wakati wa korona, minara ilichomwa moto Uingereza na watu walioamini kuwa 5G inaeneza ugonjwa, na video za madai hayo zikasambaa WhatsApp hadi huku kwetu. Machi 2021 Safaricom ilipozindua majaribio ya 5G katika miji minne, mmoja wao ulikuwa Kisii, jirani wa Homa Bay na Migori. Korona ilikuwa imeshaingia Kenya mwaka mzima kabla.

Mionzi iliyo chini ya miguu

Sasa tugeuze macho kutoka juu ya mnara tuyaelekeze mlimani. Mlima Homa, unaochomoza kwenye rasi karibu na Kendu Bay, ni mabaki ya volkano ya ajabu. Miamba yake ni ya kabonatiti, jamii ya mawe inayopatikana mahali pachache duniani. Upande wa Lambwe kuna vilima vya Ruri, vya asili hiyohiyo. Miamba ya namna hii hubeba thoriamu, na thoriamu hutoa mionzi ya ukoo ule mwingine, unaong'oa elektroni.

Watafiti wa Kenya walikwenda Lambwe Mashariki na vipimo vyao, na mwaka 2012 matokeo yakachapishwa. Thoriamu katika miamba ilikuwa mara nyingi zaidi ya wastani wa dunia, na mionzi ambayo mtu angepokea kwa mwaka ilizidi wastani wa kimataifa, ambao ni kama milisiveti 2.4. Mlima haukujengwa na kampuni, haungurumi usiku, hauna kibao langoni. Umekuwa ukitoa mionzi hiyo tangu kabla mtu wa kwanza hajafika ziwani. Sisemi haya ili kuwatia watu wa Lambwe hofu mpya. Nasema kwa sababu hapo ndipo panapostahili kipimo cha kwanza: mawe ya kujengea nyumba yanatoka wapi, na hewa ya chumbani inapitishwaje.

Twende Migori. Dhahabu ilichimbwa Macalder tangu enzi za ukoloni, na mgodi ule mkubwa ulipofungwa katika miaka ya 1960, wachimbaji wadogo wakashika nafasi. Watafiti waliopima mionzi katika machimbo ya Macalder, Osiri, Mikei na Masara waliikuta iko chini. Walichokikuta kwa wingi ni vumbi, pamoja na metali zenye sumu kama aseniki. Tazama kazi yenyewe. Mawe yanasagwa kwenye kinu hadi yawe unga, na anayelisha kinu hana hata kitambaa puani. Unga unaoshwa kwa maji, kisha mama mwenye mtoto mgongoni anaukoroga ndani ya karai pamoja na zebaki, kwa mikono mitupu. Zebaki inashika dhahabu. Kidonge kinaminywa kwenye kitambaa, kinawekwa juu ya makaa, mvuke unapanda, na wote waliozunguka moto wanauvuta. Mvuke huo huingia kwenye mapafu, hufika kwenye ubongo na figo, na humdhuru vibaya zaidi mtoto aliye tumboni. Hapa hakuna swali la "huenda".

Jikoni nako, kuanzia Kuria hadi Suba, kuni tatu zinafuka chini ya sufuria, na mama na watoto wanakohoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijiji kinaweza kubishana mwaka mzima juu ya busta na kisiwahi kukaa hata asubuhi moja kujadili bomba la kutolea moshi.

Hesabu ya mnara

Hofu hutulizwa vizuri zaidi na kipimo kuliko na hotuba, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua antena inayomwelekea mtu kwa nguvu inayolingana na wati 1,000 zilizomwagwa pande zote. Umbali wa mita 100, nguvu hiyo imesambaa kiasi kwamba kila mita ya mraba inapata takriban wati 0.008. Mpaka wa kimataifa kwa megahezi 900 ni wati 4.5. Mtu huyo yuko chini ya mpaka kwa zaidi ya mara 500, na hapo tumechukulia kwamba antena inamlenga yeye. Kwa kawaida boriti hupita juu ya walio chini ya mnara. Jua la saa sita mchana, hapohapo, linampa karibu wati 1,000 kwa mita ya mraba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Chanzo kikubwa cha mawimbi mwilini ni simu iliyo sikioni, si mnara ulio mlimani. Na simu hujipimia nguvu: ikiwa karibu na mnara hunong'ona, ikiwa mbali hupaza sauti, tofauti ikifika mamia ya mara. Mvuvi aliye mbali ziwani akitafuta mtandao wa kijiti kimoja anapokea mawimbi mengi zaidi kutoka kwenye simu yake kuliko mwanafunzi anayeishi mita mia mbili kutoka kwenye mnara. Anayetaka kujipunguzia atumie spika au waya wa masikioni, aandike ujumbe, na asizungumze kwa muda mrefu mahali mtandao ulipo hafifu. Aliye hatarini kweli ni fundi anayepanda na kusimama mbele ya antena iliyowashwa. Kibao cha langoni kinamwonya yeye.

Kwa hiyo naamini, kwa ushahidi uliopo, kwamba mawimbi ya kila siku ya simu, redio na tanuri la mikrowevu, yakiwa ndani ya viwango, hayamdhuru mkazi wa Homa Bay wala wa Migori. Utafiti juu ya watoto na matumizi ya miaka mingi unapaswa kuendelea, na ukileta habari mpya tuzipokee. Lakini kuamini hivyo hakumwondolei mtu yeyote wajibu. Kampuni inayosimika mnara na Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni zinaweza kuleta kipimo, zikapima mbele ya wananchi, na matokeo yakasomwa barazani kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili. Jenereta inayowanyima majirani usingizi ipelekwe mbali au ibadilishwe kwa sola, maana kelele na moshi wake ni kero ya kweli. Na kaunti zote mbili zipeleke fedha na wataalamu kule ambako madhara yameshapimwa: kwenye karai la zebaki, kwenye vumbi la kinu, kwenye mawe ya Lambwe na kwenye jiko lisilo na bomba la moshi. Mzazi anayeogopa mnara anawapenda wanawe. Anastahili kuambiwa ukweli wote, ili ulinzi wake auweke mahali ambapo utawaokoa.